Ini Limefanya Nini?

Shangazi yangu aliweka dawa zake kwenye kopo kuukuu la maziwa ya unga, juu ya kabati la vyombo, mahali ambapo wajukuu hawafiki. Jioni moja nilimshushia kopo, nikamwaga kila kitu mezani na kuanza kusoma karatasi moja baada ya nyingine. Vidonge vya presha nilivifahamu. Warfarini, ya kuzuia damu isigande, niliifahamu pia. Kimoja kilinisimamisha: kidonge cheupe cha miligramu 200, amiodaroni, alichokuwa akimeza kila asubuhi kwa mwaka wa pili.

"Shangazi, mara ya mwisho walikupima ini lini?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa habari za jirani asiyemjua. "Mwanangu, mimi mgonjwa wa moyo. Ini limefanya nini?"

Halikuwa limefanya kitu. Ndiyo shida yenyewe. Nilijaribu kumjibu usiku ule nikashindwa, kwa sababu jibu linaanzia mbali, kwenye mmea unaoota kando ya mto Naili.

Kwanza maradhi yake. Moyo wenye afya hupiga kwa amri: umeme mdogo huanzia chumba cha juu upande wa kulia, ukasambaa, vyumba vya juu vikasinyaa pamoja, kisha vya chini. Moyo wa shangazi uliacha amri hiyo. Vyumba vya juu vilikuwa vinatetemeka kama uji unaotaka kuchemka, na vile vya chini vikipokea ishara ovyo: mapigo matatu ya haraka, kimya, kisha moja zito lililomshtua hata akashika kifua. Mwenyewe alisema moyo unaruka kamba. Damu isiyosukumwa vizuri hutuama kwenye vyumba vile, ikaganda, na bonge likichomoka huweza kufika kwenye ubongo na kuleta kiharusi. Ndiyo maana ya ile warfarini. Amiodaroni kazi yake ilikuwa nyingine: kurudisha amri.

Dawa za mapigo ya moyo zina historia ya kuchekesha kidogo, maana mara mbili zimegunduliwa na watu waliokuwa wakitibiwa kitu kingine. Mwaka 1914 daktari Mholanzi, Karel Wenckebach, aliandika habari za mfanyabiashara mmoja aliyemjia na mapigo yaliyovurugika. Wenckebach alimwambia hana dawa. Mfanyabiashara akamjibu kwamba yeye anayo: alikuwa amekaa nchi zenye malaria, na kila alipomeza gramu moja ya kwinini, moyo ulitulia. Kutokana na gome lilelile linalotoa kwinini, la mkwinini, mti ambao hadi leo unalimwa upande wa Bukavu, ikapatikana kwinidini, na Walter Frey, aliyekuwa akifanya kazi Ujerumani, akaonyesha mwaka 1918 kwamba hiyo ndiyo yenye nguvu zaidi kwa moyo. Kwinidini nayo iliwahi kuwasumbua baadhi ya wagonjwa maini, kwa homa na uvimbe. Lakini tuiache; leo haimezwi sana.

Ugunduzi wa pili ulitokea Cairo. Wamisri tangu zamani walichemsha mbegu za mmea uitwao khella wakanywa maji yake kwa ajili ya mawe ya figo, na vijiti vyake vikikauka ni vya kuchokolea meno. Ndani ya mbegu hizo mna kemikali iliyopewa jina khelini. Katika miaka ya 1940 mwanafiziolojia wa Kirusi, Gleb von Anrep, aliyepata kuwa mwanafunzi wa Pavlov, alikuwa akifundisha pale Cairo. Fundi wake wa maabara alikuwa na maradhi mawili: mawe ya figo, na maumivu ya kifua yatokanayo na moyo kukosa damu ya kutosha. Alitumia khelini kwa yale mawe. Kifua kikapona.

Anrep hakupuuza maneno ya fundi wake, na hilo ndilo linalonifanya nimpende. Khelini ilijaribiwa kwa wagonjwa wa moyo, ikasaidia, ila iliwatia kichefuchefu kiasi kwamba wengi hawakuivumilia. Wanakemia wakaichukua molekuli ile kama fundi cherehani anavyochukua kanzu ya mtu mwingine: punguza hapa, ongeza pale. Kampuni ya Labaz ya Ubelgiji ndiyo iliyoshona sana. Ikatoka benziodaroni. Kisha, mwaka 1961, ikatoka amiodaroni. Baadaye ikatoka benzibromaroni, iliyoishia kuwa dawa ya jongo. Ukoo mzima, wenye kiini kimoja cha kemia.

Sasa tazama kilichoupata ukoo huu. Benziodaroni ilitolewa sokoni Uingereza mwaka 1964 kwa sababu wagonjwa waligeuka manjano: macho, ngozi, mkojo kama chai ya rangi. Benzibromaroni iliondolewa na mtengenezaji wake mwaka 2003 kwa sababu ya maini yaliyoharibika. Khelini yenyewe, babu wa wote, ilipojaribiwa miaka ya baadaye kwa wenye mabaka meupe ya ngozi, ilipandisha vipimo vya ini kwa baadhi yao. Mtoto wa nyoka ni nyoka, husema wahenga. Katika kemia methali hiyo haiaminiki kila mara, kwani badiliko la atomu mbili tatu laweza kugeuza sumu kuwa chakula. Lakini kwa ukoo wa khella, naona wahenga walikaribia.

Amiodaroni ilinusurika kwa sababu ilikuwa na kipaji ambacho ndugu zake hawakuwa nacho. Iliuzwa kwanza kama dawa ya maumivu ya kifua. Mwaka 1970 Bramah Singh, mzaliwa wa Fiji aliyekuwa akifanya utafiti Oxford chini ya Miles Vaughan Williams, alionyesha kwamba inarefusha mapumziko ya seli ya moyo kati ya umeme mmoja na mwingine. Umeme mzururaji ukija kugonga, unakuta seli bado imelala. Miaka michache baadaye Mauricio Rosenbaum, Argentina, akaitumia kwa wagonjwa ambao mioyo yao ilishindikana kwa kila dawa, wakiwemo wale walioharibiwa moyo na ugonjwa wa vimelea uitwao Chagas, na matokeo yakawashangaza wenzake. Wamarekani waliomba vidonge kutoka Ulaya kwa miaka kadhaa kabla mamlaka yao ya dawa, FDA, haijaiidhinisha Desemba 1985, tena bila yale majaribio makubwa ya kulinganisha ambayo kwa kawaida hudaiwa. Madaktari walikuwa wameona kwa macho yao watu wakiishi. Hadi leo, moyo unapokaidi dawa nyingine, mara nyingi ndiyo inayokimbiliwa.

Basi kwa nini ini?

Amiodaroni inapenda mafuta. Ukiimeza haikai kwenye damu ikisubiri kukojolewa. Inapiga hodi kwenye kila kiungo chenye mafuta na kuingia ndani: ini, mapafu, ngozi, tezi ya shingoni, hata kioo cha jicho. Ndiyo maana siku za mwanzo mgonjwa hupewa dozi kubwa, kwanza ghala lijae. Na ghala likishajaa, kulimaliza ni kazi ya miezi. Ukiacha kidonge leo, huchukua wastani wa siku 58 kiwango kilichomo kipungue hadi nusu, na kuna watu inaowachukua siku zaidi ya 140. Dawa nyingi ukiziacha Ijumaa, Jumapili zimekwisha. Hii ukiiacha wakati wa Ramadhani, Iddi ya kuchinja inakukuta bado unayo.

Tabia hiyohiyo ndiyo sifa yake na ndiyo kosa lake. Inatuliza moyo kwa sababu haiondoki, na inaudhi ini kwa sababu haiondoki. Ndani ya seli za ini huingia kwenye vile vifuko vinavyosaga taka, ikanata na mafuta yaliyomo, vifuko vikashindwa kusaga, vikajaa. Wakati huohuo inazisumbua mitokondria, jiko la seli, zisiweze kuunguza mafuta yanayoletwa. Mafuta yasiyounguzwa hurundikana. Baada ya muda seli huvimba, baadhi hufa, na mahali pa seli zilizokufa panaota kovu.

Mtaalamu akichukua kipande cha ini la namna hii akakiweka chini ya darubini, anachokiona kinafanana sana na ini la mlevi wa miaka mingi. Hebu fikiria bibi wa swala tano, ambaye pombe anaijua kwa harufu ya mpita njia tu, akiulizwa na daktari mbele ya watoto wake: bibi, unakunywa kiasi gani? Kisa cha aina hii kinaweza kutokea popote penye haraka, na dawa ya aibu ile ni mtu mmoja tu kusoma orodha ya vidonge vyake kabla ya kufungua mdomo. Kuna na dalili nyingine, ngeni kidogo: kwa vile amiodaroni imebeba iodini nyingi, ini lililoijaza huonekana jeupe kuliko kawaida kwenye picha ya CT, kama limepakwa chokaa.

Habari ya iodini inastahili sentensi chache. Ni madini yaleyale tunayowekewa kwenye chumvi, madini joto. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 kwa siku. Kidonge kimoja cha miligramu 200 kina iodini karibu miligramu 75, na kati ya hizo kama miligramu 6 huachiliwa mwilini kila siku, yaani mara 40 ya mahitaji. Tezi ya shingoni lazima ishtuke. Kwa wengine hulala kazini, kwa wengine hukimbia. Kwa hiyo anayemeza dawa hii anapimwa na tezi pia, na mapafu, kwa kuwa madhara ya mapafu ndiyo yanayoogopwa kuliko yote.

Turudi kwenye ini, na kwenye hesabu, maana hofu isiyo na hesabu ni mbaya kama uzembe. Kati ya wanaotumia amiodaroni kwa muda mrefu, asilimia 15 hadi 50 huonekana vimeng'enya vya ini vimepanda kwenye damu, na wengi wao kidogo tu, bila kujisikia vibaya, na mara nyingine vinashuka vyenyewe. Wanaopata ugonjwa wa ini unaoonekana ni kama mmoja kati ya 100. Wachache kati ya hao hufikia makovu makubwa na kushindwa kabisa. Kwa mgonjwa ambaye bila dawa moyo unaweza kusimama usiku, hesabu hiyo inakubalika. Mimi ningeikubali.

Ila ini halina kelele. Jino linauma, figo lenye jiwe linamgaragaza mtu sakafuni, lakini ini linaweza kupoteza sehemu kubwa ya seli zake huku mwenyewe anakwenda sokoni. Uchovu, kukosa hamu ya kula, kuwashwa ngozi, mkojo mweusi, macho ya manjano: vikifika hivyo, jambo limeshakaa. Ndiyo maana mtengenezaji na mamlaka za dawa wanataka damu ipimwe kabla ya kidonge cha kwanza, kisha kila miezi sita hivi. Kimeng'enya kikizidi mara tatu ya kiwango cha juu cha kawaida, au kikaongezeka maradufu kwa mtu ambaye tangu mwanzo kilikuwa juu, daktari hupunguza dozi au huiondoa. Na sindano ya amiodaroni ya mshipani ina hatari yake pekee: mara chache ini huchafuka ndani ya siku moja tu, na anayeshukiwa hapo si dawa yenyewe, bali kiyeyushi kinachochanganywa nayo, polisobati 80.

Wanakemia, kama kawaida yao, walidhani wanaweza kushona upya. Labaz ilikuwa imeshamezwa na kampuni ya Ufaransa, Sanofi, na ni nyumba hiyo iliyoleta dronedaroni. Wazo lilikuwa safi: ondoa iodini, tezi isisumbuliwe, ongeza kipande cha kuipunguzia molekuli mapenzi yake kwa mafuta, isijilimbikize. Dronedaroni inapungua hadi nusu kwa muda wa karibu siku moja tu. Majaribio yaliyoitwa ATHENA, ya wagonjwa 4,628, yalileta matumaini, na Julai 2009 FDA ikaiidhinisha kwa jina la Multaq. Wengi waliamini ukoo wa khella hatimaye umepata mtoto mtiifu.

Januari 2011 FDA ikatoa onyo. Kulikuwa na taarifa za maini kuharibika kwa watumiaji, wakiwemo wanawake wawili wenye umri wa takriban miaka 70 ambao maini yao yalikufa ndani ya miezi michache ya kuanza dawa, mmoja miezi minne na nusu, mwingine sita, wakalazimika kupandikizwa maini mengine. Ulaya ikaagiza vipimo vya ini kabla ya kuanza, kila mwezi kwa miezi sita, kisha mwezi wa tisa na wa 12. Mwaka huohuo, mwezi Julai, majaribio mengine, PALLAS, yalisimamishwa kwa sababu wagonjwa ambao mapigo yao yalikuwa yamevurugika moja kwa moja walikuwa wanakufa zaidi kwa dawa kuliko bila dawa. Iodini ilikuwa imeondolewa. Ini halikupona kwa hilo. Kiini cha ukoo, ile pete ya benzofurani iliyomo kwa wote, kilikuwa palepale, na watafiti waliokiweka kwenye seli za ini maabara waliona kinazisumbua mitokondria.

Kuna upande mwingine wa ini usiohusu madhara bali msongamano. Dawa nyingi, kama ile warfarini iliyokuwa kwenye kopo la shangazi, hupita kwenye mlango wa ini, yaani vimeng'enya vinavyozivunja. Amiodaroni husimama mlangoni ikazuia wengine. Warfarini isiyovunjwa hurundikana, damu ikawa nyepesi kupita kiasi, na mtu akatoka damu puani, au tumboni bila kujua. Kwa hiyo amiodaroni ikiingia, dozi ya warfarini inatakiwa ishuke kwa theluthi hadi nusu na kipimo cha INR, cha kasi ya damu kuganda, kifanyike mara kwa mara. Digoksini, dawa nyingine ya moyo, haipiti mlango huu, lakini nayo hupunguzwa nusu. Simvastatini ya kolesteroli haitakiwi kuzidi miligramu 20. Hata maji ya balungi yana neno hapo, kwani yanaifungia mlango amiodaroni yenyewe, ikapanda.

Kisa kinachonishangaza kuliko vyote katika habari hii ni cha Machi 2015. Dawa mpya ya homa ya ini C, sofosbuviri, ilikuwa imeanza kuponya watu ambao zamani walisubiri kufa. FDA ikatangaza kwamba ikimezwa na dawa nyingine za homa hiyo, kwa mgonjwa aliye kwenye amiodaroni, moyo waweza kupunguza mwendo hadi kuhatarisha maisha. Mgonjwa mmoja alikufa, watatu wakawekewa mashine ya kuuongoza moyo. Na nchi iliyokuwa na kiwango kikubwa kuliko zote duniani cha maambukizi ya homa ya ini C ni Misri, kwa sababu ya sindano za kutibu kichocho zilizorudiwa mtu hadi mtu kwa miaka mingi. Mjukuu wa khella na dawa ya ugonjwa wa Wamisri havikai kwa amani mwili mmoja.

Huku kwetu amiodaroni inakuta ini ambalo tayari lina wageni. Homa ya ini B ni ya kawaida, na wengi walio nayo hawajui. Kichocho kinachonyemelea kandokando ya Ziwa Victoria huliachia ini makovu. Mahindi yaliyoota kuvu yana sumu ya aflatoksini. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya iliua watu 125. Ongeza mizizi ya kuchemsha ambayo mgonjwa hamwambii daktari, na panado za kila siku za mgongo. Pia wagonjwa wetu wa mapigo si wazee peke yao. Mtoto anaumwa koo, halitibiwi, linamwachia homa ya baridi yabisi, valvu ya moyo inakaza, na akifika miaka 30 ameshaanza kutetemeka vyumba vya juu. Moyo wa namna hiyo ukichoka upande wa kulia, damu hurudi nyuma na kujaa kwenye ini, na vipimo hupanda hata kabla ya kumeza chochote. Asipopimwa siku ya kwanza, miezi sita baadaye hakuna atakayejua nani alaumiwe: dawa, virusi, au moyo wenyewe. Kipimo cha siku ya kwanza kinaonekana hakina maana kwa sababu mgonjwa ni mzima wa ini. Thamani yake ni hiyohiyo.

Shangazi hakuwa amepimwa. Kliniki yake ilikuwa na foleni inayoanza alfajiri, na kila aliyemwona aliandika "aendelee". Nilimpeleka maabara wiki ileile. ALT, kimoja cha vile vimeng'enya vya ini, ilikuwa mara mbili na nusu ya kiwango cha juu, homa ya ini B hana. Daktari mwingine alimpunguzia hadi miligramu 100, akashusha warfarini, na akamkataza mzizi fulani aliokuwa akiletewa kutoka kijijini, jambo lililomuudhi shangazi kuliko habari ya ini. Baada ya miezi mitatu kipimo kilikuwa hakijashuka sana. Alitaka kuacha kidonge mwenyewe, tukamsihi. Mwezi wa saba kikarudi mahali pake.

Kwa hiyo msomaji, usiende kutupa vidonge kwa sababu ya sura hii. Moyo uliovurugika huua haraka kuliko ini lililokasirika, na kuacha ghafla bila daktari ni kujitafutia lile lililokufanya uanze. Nakuomba kitu kidogo. Siku ya kliniki, wewe au mzazi wako, beba kopo zima la dawa, pamoja na za duka na za shamba. Uliza tarehe ya mwisho ini lilipopimwa, na tezi, na kama INR imeangaliwa tangu amiodaroni ilipoanza. Majibu yaandikwe nyuma ya kadi, kwa kalamu, na tarehe ya kipimo kinachofuata. Pasipo na tarehe, usitoke chumbani.